Kabla ya Kupanda Mrehani, Tafuta Shimo

Nyinyi vijana mkija kwangu huwa mnanikuta nimekaa kibarazani, mgongo ukutani na miguu juu ya kizingiti, na mnadhani ni uvivu wa uzee. Si uvivu. Kizingiti hiki nimekiweka kwa mikono yangu na nakijua kilichoko chini yake. Ua wa mtu mwingine siujui. Ndiyo maana nikialikwa harusini hula nimeegemea ukuta, na nikiona majani yamestawi mahali pamoja kuliko pengine, mimi huzunguka. Wajukuu wangu hunicheka sana kwa hilo.

Nawaacha wacheke. Kazi iliyonilisha mimi na kuwalisha mama zao ni kuchimba mashimo ya vyoo katika kisiwa hiki cha Mombasa, na kuyatafuta yale ambayo wenyewe wameyasahau. Katika kazi hiyo woga ulinifaa kuliko sururu.

Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani Majengo alinijia na miche ya maua kwenye karai. Kanunua nyumba kuukuu kule Mji wa Kale, ina ua nyuma, anataka bustani. "Mzee Chirau," akaniuliza, "nianze na mbolea au nianze na mchanga?" Nikamwambia aanze kwa kuuliza choo cha nyumba kinakwenda wapi. Akacheka mpaka miche ikatikisika. Nikamwambia aiweke chini, akae, anisikilize. Na nyinyi wengine mnaotaka kupanda, sogeeni.

Kisiwa hiki hakina udongo wa kujisifia. Ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la tumbawe. Wazee wetu walitoboa jiwe hilo kwenda chini mpaka wakachoka au wakakuta maji, na hapo juu wakalaza boriti za mikoko, juu ya boriti mawe mapana, juu ya mawe chokaa, juu ya chokaa mchanga. Shimo likijaa, hawakulizoa. Walilifunga wakachimba jingine kando. Na hawakutia alama, kwa kuwa nani atatia alama choo? Basi boriti zinaoza polepole huko chini, wenye nyumba wanakufa, wajukuu wanakuja, wanaona ua mtupu na wanasema, hapa patafaa bustani.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Katana, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Alikuwa akichechemea. Boriti zilimkatikia mguuni akiwa kijana, akazama mpaka kiunoni, na badala ya kuhangaika akalala chali, akatandaza mikono, akakaa hivyo hivyo mpaka watu walipoleta ngazi. "Niliomba dua zote," alikuwa akisema. "Za Kikristo nilizifundishwa misheni, za Kiislamu nilizisikia mtaani, na koma, mizimu ya wazee wa kwetu, pia niliwaita. Kila mlango nilioujua niliubisha." Mpaka leo sijui ni mlango upi uliofunguka, naye alikuwa hataki kusema, asije akawaudhi wengine.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: ukisikia ardhi imeitika, lala, usikimbie. Anayekimbia huweka uzito wote kwenye unyayo mmoja. Na neno la pili: nyumba kongwe haina shimo moja. Ukilipata la kwanza usifurahi, ndipo uanze kuogopa. Mimi hilo la kuogopa nililishika upesi sana, mpaka akawa ananitania kuwa naogopa hata ndoo.

Mtaniuliza, shimo linatafutwaje? Kwanza fuata bomba. Toka chooni, angalia linakoelekea, kwa sababu uchafu haupandi mlima. Kisha angalia majani wakati wa kaskazi, kila kitu kimekauka, mahali gani pamebaki kijani. Kisha gonga kwa mtaimbo, ule mtarimbo wa chuma, usikilize. Penye jiwe husikia ta, ta. Penye uwazi husikia kama mtu anakujibu kwa ndani. Hayo ndiyo yaliyoandikwa na kila fundi kichwani mwake, na kila moja katika hayo lina siku yake ya kukudanganya.

Majani yalitudanganya Kizingo. Nyumba kubwa, miti mizuri, bwana mwenye nyumba anataka kupanda mawaridi. Tukaona sehemu moja ya nyasi imestawi, mbichi, inang'aa, na huku kwingine kote kumekuwa kama mkeka mkavu. Mzee Katana akapiga magoti, akanusa, akasema, "Shimo hili hapa, Chirau, shusha sururu." Nikashusha. Maji yakaruka yakatupiga usoni. Yalikuwa maji safi, bomba la maji ya kunywa lilikuwa likivuja chini kwa chini. Nanyi mnajua miaka ile ya tisini maji yalivyokuwa adimu mjini. Kabla hatujapata pa kulifungia, walinzi na mayaya wa nyumba zote za jirani walikuwa wamepanga foleni na mitungi, wanatushukuru na kutuombea dua, na bwana mwenye nyumba amesimama roshanini hajui amfukuze nani. Mzee Katana aliondoka pale amelowa, na njia nzima alikuwa akisema, "Lakini nilinusa."

Basi kijani si shimo kila mara. Na mlio nao si shimo kila mara, kwa sababu tumbawe lenyewe lina mapango yake, linaweza kukuitika bila ya kuwa na choo. Sasa hivi mna magari ya kunyonya, mna matangi ya plastiki, na mna simu za kupiga picha. Vizuri. Lakini simu haioni chini ya mawe, na ninalotaka kuwaambia leo sikulipata kwa bomba, wala kwa majani, wala kwa mtaimbo.

Ilikuwa baada ya zile mvua za El Nino. Mnazikumbuka au mmesimuliwa. Boriti zilizokaa kavu chini ya ardhi tangu enzi za mababu zilikuwa zimelowa, na mimi tangu mvua ziishe nilikuwa silali vizuri. Kila nikisikia kitu kimeanguka mtaani nilikuwa najua moyoni ni ua wa mtu. Mzee Katana alikuwa amekwisha kufariki, ameniachia mtaimbo wake na wasiwasi wake, na wasiwasi ndio mzito zaidi.

Nikaitwa Mji wa Kale na mwanamke mmoja jina lake Rukia. Alikuwa mtu wa makamo, mjane, na riziki yake ni vikuba, yale mafungu madogo ya mrehani na asumini na kilua ambayo wanawake hutia kwenye nywele au kifuani wakienda harusini. Mikono yake ilinukia hata akiwa anakuuliza habari za maji machafu. Maua alikuwa akiyanunua kutoka bara, ng'ambo ya maji, na mara nyingi yalimfikia yamenyauka. Kwa hiyo akaamua kupanda yake mwenyewe uani, na udongo mwekundu ulikuwa umekwisha kuletwa kwa mikokoteni, umemwagwa kichochoroni. Majirani walikuwa wanaruka lundo hilo kwenda misikitini na kurudi, na kila arukaye ana neno lake.

"Fundi," Rukia akaniambia, "mimi sitaki maua yangu yanywe maji ya choo. Bibi harusi atie kitwani kitu cha najisi? Nionyesha shimo liliko, nami nipande mbali nalo. Lakini nionyesha upesi, watu wa kichochoro hichi watanila mzima."

Ua ulikuwa mpana kuliko nilivyotarajia, umezungukwa na kuta ndefu. Upande wa jikoni nikafuata bomba nikalipata shimo bila taabu, lina kifuniko cha zege na pete ya chuma. Rukia akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Basi kwengine kote ni salama. Nawaita mahamali watie udongo."

Nikamwambia asubiri. Kile kifuniko kilikuwa cha saruji, na saruji ile haikuwa kuukuu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe na chokaa, mlango wake umechongwa, imezaa watu na kuzika watu kabla ya saruji kuja mjini. Wote hao walikuwa wakienda choo gani? Kulikuwa na shimo jingine. Na juu yake Rukia anataka kumwaga mikokoteni ya udongo, na kumwagilia maji asubuhi na jioni.

Nikaanza kugonga. Nikazunguka kuta zote, ta, ta, ta. Penye shaka nikarudia. Katikati ya ua sikuweza kugonga, kwa sababu katikati ya ua alikuwa ameketi Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha ndiye mama yake Rukia. Mwembamba, mweupe wa nywele, leso mbili, tasbihi, na mkongojo wa mti kando yake, ameketi kwenye mkeka wa ukindu mrefu ambao ungeweza kulaza watu watatu. Pale ndipo palipokuwa pahali pake kila alasiri, Rukia aliniambia, kwa sababu pana upepo. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri, akaniuliza hali, akaniuliza na watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja kama anawajua. Kisha nikagonga karibu na mkeka.

"Kijana," akasema, "wanigongea kama mlango. Mimi ni mlango?"

"La, Bi. Nasikiliza tu ardhi yasemaje."

"Basi iwate iseme. Usiipige."

Nikamwomba kwa adabu asogee kidogo, nigonge chini ya mkeka. Akakataa. Hakukasirika, alikataa tu, kama mtu anayekataa chai. "Hapa ni pangu," akasema. "Nimepangojea sana mpaka nikapapata. Gonga kwengine."

Nikamuuliza kama anakumbuka shimo la zamani lilikuwa wapi. Vijana, hilo lilikuwa kosa. Uso wake ulifunga. "Haya ni maneno gani ya kumuuliza mtu mzima?" akamwambia Rukia, hakuniambia mimi. "Mwanamume atoka huko kwao yuwaja niuliza mambo ya choo, mbele ya tasbihi yangu." Rukia akanivuta kando, aibu imemshika. Huko nje hamali mmoja alikuwa akiita, "Bibi, udongo tuuingize au tuuache?" na sauti ya jirani ikamjibu kabla ya Rukia, "Uingizeni, tumechoka!"

Nilisimama pale na mtaimbo, jasho linanitoka. Nikisema ndiyo, na shimo lipo, siku moja litafunguka na mtu atakuwa juu yake. Nikisema sijui, Rukia ataita fundi mwingine asiye mwoga, naye atasema ndiyo. Ndipo nikakumbuka njia moja ya Mzee Katana ambayo alikuwa akiitumia akikwama kabisa. Alikuwa akisema, wanawake wa Pwani hawatakuonyesha shimo liliko, wanaona haya, lakini watakuonyesha lisiloko. Waulize vitovu vya watoto vimezikwa wapi. Hakuna mama atakayezika kitovu cha mwanawe karibu na uchafu.

Lakini hilo nalo ni jambo la wanawake, si la mwanamume kuuliza. Nikamnong'oneza Rukia. Akanitazama kama nimepandwa na kichaa, kisha akaenda akachutama kando ya mkeka.

"Mama, vitovu vyetu vilizikwa wapi?"

"Ya nini? Fundi yuwataka kuvifukua?"

"La, mama. Yuwataka kuvichunga, nisije nikapanda maua juu yake bila kujua."

Hilo lilimpendeza. Uso ukafunguka. Akainua mkongojo akaanza kuonyesha ukuta wa upande wa kibla. Kile cha Said, mzaliwa wake wa kwanza, pale chini ya tundu la taa. Kando yake wa pili, aliyekufa mdogo. Kando yake Rukia. Kando yake mwingine, na mwingine, na watoto wa mawifi zake pia. Wote wamebanana kwenye ukuta mmoja, karibu wapandane. Ua mzima mpana, na vitovu vyote vimesukumwa pale kama watu wanaokimbia mvua.

Nikamwambia Rukia, kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya kawaida, amuulize mama kwa nini vyote pale.

Bi Mwanaisha alinisikia mwenyewe. Akazungusha tasbihi. Halafu akasema akinitazama mimi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza.

"Mavyaa wangu," akasema. "Mama yake mume wangu. Nlipomzaa Said humu nyumbani nlitaka kitovu chake kizikwe papa hapa katikati, pana upepo, pazuri. Mavyaa akanishika mkono akanambia, 'Hapo si pa mwana.' Basi. Hakuongeza neno. Nikileta kinu nitwange, aniambia, 'Hapo si pa kinu.' Watoto wakicheza, awafukuza. Nami ni mkaza mwana, nitauliza nini? Nikajua hanitaki. Mimi ni wa Jomvu, yeye alitaka mwanawe aoe humu mjini. Pazuri kote ni pake, mimi na wanangu tukae ukutani." Akapapasa mkeka kwa kiganja. "Alipokufa, matanga hata hayajesha vizuri, nikatandika mkeka wangu hapa. Tangu siku hiyo sijaketi pengine."

Si pa mwana, si pa kinu, si pa kucheza. Kinu hakiwekwi juu ya boriti, mtwango unazitikisa. Sikuhitaji kugonga tena. Lile shimo nilikuwa naliona kama ardhi imekuwa kioo, na juu yake ameketi bibi na tasbihi, baada ya mvua zile.

Nataka mnielewe nilivyokuwa. Nilijua lazima nimwambie. Mimi, mtu niliyekula mkate wa vyoo maisha yangu yote, nilishindwa kutaja choo mbele ya mama wa watu. Nikasema, "Bi, hapo... hapo pana..." nikaishia hapo. Mara mbili. Kisha hofu ikaizidi haya, nikatamka. "Bi, umeketi juu ya choo."

Rukia alishika mdomo. Bi Mwanaisha alikunja uso, akakusanya leso zake, akashika mkongojo ili anyanyuke aniondokee mbele ya macho. Akausimika chini kando ya mkeka, akaulemea.

Mkongojo ukazama. Si sana, kiasi cha kidole. Mchanga ukatiririka kwenye kitundu hicho, taratibu, na haukukoma kutiririka. Sote watatu tuliutazama ukienda.

"Bi," nikasema, "keti. Usiulemee. Keti vivyo hivyo."

Akaketi. Rukia alikuwa ameanza kumkimbilia mama yake na nikamshika leso, nikamvuta nyuma, na bado nahisi jinsi alivyonivuta na yeye. Nikamwambia tukiongeza mtu mmoja hapo tutakwenda sote. Ncha za mkeka za upande wa ukuta wa vitovu zilifika mahali nilipokwisha kugonga na kusikia jiwe. Nikamwambia ashike ncha moja, mimi nitashika nyingine, na tuvute polepole, bila ya kushtua. Mikono yangu ilikuwa na jasho, ukindu ulikuwa ukiteleza. Nilikuwa nikisikiliza chini kwa masikio, kwa nyayo, kwa meno. Mkeka ukasogea kidogo. Ukakwama. Ukasogea.

"Mwanikokota kama gunia la mchele," Bi Mwanaisha akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Ndiyo, mama," Rukia akasema huku analia. "Na wewe ni gunia zito."

Uongo. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu, nami nilikuwa namshukuru Mungu kwa kila ratili ambayo hakuwa nayo. Tulipomfikisha ukutani Rukia alimwangukia, wakashikana. Nje hamali akaita tena. Nikaenda mlangoni nikamwambia asiingize hata kiatu chake.

Sasa ilinibidi nihakikishe. Nikachukua ngazi ya mbao iliyokuwa jikoni, nikailaza pale mkeka ulipokuwa, nikalala juu yake kifudifudi ili uzito usambae, mtaimbo mkononi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kuuzuia moyo usipige kwenye ngazi. Nikausukuma mtaimbo chini kando ya kile kitundu. Nilitarajia jiwe, au boriti. Ulipita kama unapita ugali wa moto, ukaniponyoka, ukaenda. Kimya. Nikangoja kuusikia. Nikangoja mpaka nikadhani nimekuwa kiziwi. Ndipo maji yakalia, mbali, chini kabisa.

Kisha ardhi ikaitika. Sikukimbia. Nilitandaza mikono, nikafunga macho, nikabisha milango yote ya Mzee Katana. Mbele yangu, pale alipokuwa ameketi bibi wa watu, mchanga na chokaa na mawe vilishuka vyote kwa pamoja, na upepo wa baridi ukapanda kutoka chini ukanipiga usoni. Nadhani ndio ule upepo uliokuwa ukimpendeza. Nilirudi nyuma kwa tumbo, ngazi ikilia, mpaka nikahisi Rukia amenishika kifundo cha mguu.

Nilikaa ukutani nao. Shimo lilikuwa karibu upana wa mkeka, jeusi, na vichwa vya boriti vilivyooza vimechungulia pembeni.

Bi Mwanaisha ndiye aliyeanza. "Kwa nini hakunambia?"

"Aliona haya, mama," Rukia akasema. "Wewe ulikuwa bibi harusi. Angekwambiaje?"

"Haya," akasema Bi Mwanaisha. Akalirudia neno hilo kwa sauti ndogo. Kisha akaanza kulia, si kwa kishindo, machozi tu. "Nlimkalia, Rukia. Kila alasiri hukaa pale nikamwambia moyoni, sasa je? Waniona? Nimekaa. Miaka yote. Kumbe alikuwa akimuweka mwanangu mbali na shimo."

Mimi nikainama nikajifanya natafuta kiatu changu. Nililia kidogo, nawaambia ukweli.

Shimo lile tulilijaza kwa mawe ya ukuta uliobomolewa kwa jirani, na juu yake udongo ule mwekundu wa kichochoroni, kwa hiyo watu waliokuwa wakilalamika ndio walioubeba kwa makarai. Mtaimbo wa Mzee Katana umo humo mpaka leo. Rukia alileta udongo mwingine baadaye, akapanda kwenye ukuta wa kibla, juu ya vitovu, na mrehani ulistawi pale kuliko nilivyopata kuona. Katikati hakupanda kitu. Watoto wa mtaa sasa wanacheza mpira hapo, nami nikipita hugonga kwa kisigino, kwa mazoea tu.

Kwa hiyo kijana wangu mwenye karai, ukifika kwenye nyumba yako usiulize ramani peke yake. Uliza akina mama. Waulize vitovu viko wapi, kinu kilikaa wapi, nani alimkataza nani asikae wapi na hakusema kwa nini. Na wewe ukifunga shimo, mwambie mkeo, mwambie mkaza mwana wako, litaje kwa jina lake hata kama wageni wapo.

Mrehani wa kwanza ulipokomaa, Rukia aliniita. Nilidhani kuna ufa. Nilikwenda mbio, nikamkuta Bi Mwanaisha ameketi ukutani kwenye ule mkeka, na kwenye mapaja yake kitawi cha mrehani kimefungwa kwa uzi. Alijua njia yangu ya kurudi Majengo hupita makaburini. Akanielekeza kaburi la mavyaa wake, safu gani, karibu na kaburi la nani. Tangu kuzikwa kwake hakuwahi kumpelekea hata jani.

"Muwekee kitwani," akaniambia. "Na umwambie."

"Nimwambie nini, Bi?"

Akanieleza. Nikaenda makaburini, nikatembea kando kando ya safu nikiangalia ninapokanyaga, nikalipata kaburi, nikaweka mrehani upande wa kichwa. Nikaangalia kama hakuna mtu anayenisikia.

"Bi," nikasema, "nimetumwa na Mwanaisha. Asema amekwisha kuondoka pale."